Kupanga mandhari ya nyumba na ya jukwaa la mavazi kwa mimea hai

Kazi yangu ni bustani za nyumba hapa Dar es Salaam, na mara kadhaa kwa mwaka naitwa kupanga mandhari ya maonesho ya mavazi. Watu huzihesabu kuwa fani mbili tofauti. Kwangu ni kazi moja. Mgeni anayefungua geti la nyumba na mwanamitindo anayetoka nyuma ya pazia wote wanaanza kwa kutembea, na macho yanafuata miguu. Ukishajua mtu atapita wapi, atasimama wapi na atageukia wapi, nusu ya kazi umeimaliza kabla hujanunua mche hata mmoja.

Nitaeleza hatua ninazofuata mwenyewe. Nyingine ni fupi kwa sababu hazina mambo mengi. Ya udongo na ya kuhamisha mimea ni ndefu, maana huko ndiko fedha za watu zinakopotelea.

Hatua ya 1: Kaa mahali penyewe kabla hujachora

Chukua kiti cha plastiki, daftari na tepu ya kupimia. Kwa bustani ya nyumbani, nenda mara tatu kwa siku moja: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Kila mara weka alama kivuli kinapoishia. Kigingi kidogo kilichochomekwa ardhini kinatosha.

Kumbuka kwamba jua halipiti njia moja mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana linainamia kaskazini, na Desemba linavuka kidogo upande wa kusini. Ukuta unaotazama kaskazini ukiupanda maua ya kivulini mwezi Januari, ukifika Juni utakuta yameungua, nawe utamlaumu aliyekuuzia. Walioko Nairobi au Kampala wako karibu zaidi na ikweta, kwao kuta zote mbili zinagawana jua karibu sawasawa.

Upepo nao una zamu zake. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, kisha kusi hushika kuanzia Aprili, nayo ina nguvu zaidi. Kama uko jirani na bahari, upepo huo umebeba chumvi. Uliza majirani ni ukuta upi unaobanduka rangi haraka; huo ndio upande wa chumvi, na huko hupandi kitu chenye majani laini.

Jambo la tatu ni maji ya mvua. Kama unaweza, subiri mvua moja kubwa ya masika utazame maji yanasimama wapi. Kama huwezi kusubiri, muulize anayeishi hapo. Dada wa kazi anajua kuliko mwenye nyumba, maana ndiye anayeyafagia.

Kwa onesho la mavazi, nenda ukumbini saa ileile onesho litakapofanyika. Kabla ya kupima ukumbi, pima mlango: upana na kimo cha mlango wa kupitishia mizigo, pembe za korido, na lifti kama ipo. Nimewahi kuona michikichi mizuri ya mita 4 ikirudishwa kwenye gari kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa wa mita 2, na kuilaza haikuwezekana bila kuvunja makuti yake. Andika pia soketi ziko wapi, sakafu ni ya nini, na bomba la maji la karibu liko umbali gani.

Hatua ya 2: Chora njia kwa chokaa, kisha itembee

Walimu wangu wakubwa katika hili ni wajenzi wa nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Simama nje ya nyumba ya kale ya Lamu. Kichochoro kina jua kali na watu. Unaingia dakani, kwenye baraza mbili za mawe, na papo hapo pana ubaridi na giza kidogo. Mgeni wa kawaida anaishia hapo. Ukiruhusiwa kupita mlango, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa nyuma ya mlango, na njia inapinda, kwa hiyo aliye nje haoni ndani hata mlango ukiwa wazi. Ukishapinda ndipo unapotokea kiwandani, kwenye uwazi usio na paa, na mwanga wote unakushukia kwa mara moja. Kiwanda chenyewe ni kidogo, lakini kinaonekana kikubwa kwa sababu umetoka gizani.

Mwanga, giza, kona, mwanga tena. Sijaona mpangilio unaofanya kazi vizuri zaidi ya huo, iwe kwa nyumba ya kiwanja cha mita 20 kwa 20 huko Kigamboni au kwa jukwaa la usiku mmoja.

Kwa nyumba: usiiache njia ya kutoka getini hadi mlangoni ikanyooka kama rula, kama nafasi inaruhusu. Ipinde mara moja, na kwenye pindo weka kitu kimoja cha kutazama: mtungi mkubwa, mti mmoja wenye umbo zuri, au benchi la simenti lenye kivuli. Njia ya mtu mmoja iwe sentimita 90. Watu wawili wanaoongea bega kwa bega wanahitaji mita 1.2 au zaidi. Mwaga chokaa ardhini kuonesha kingo, kisha mwambie mama wa nyumba aipite akiwa na ndoo ya maji, na watoto waikimbie. Watoto watakata kona pale pale ambapo njia yako ina kosa. Wasikemewe; sogeza chokaa ifuate nyayo zao.

Kwa jukwaa: njia ya wanamitindo wawili kupishana haipungui mita 1.8, na kama kuna magauni yenye mkia au mashuka mapana, nenda mita 2.4. Mahali pa kutokea pawe na giza kwa hatua tatu nne za kwanza, pembeni pakiwa na mimea mirefu iliyosongamana, ndipo mwanamitindo atoke kwenye mwanga. Hiyo ndiyo daka yako. Mwanamitindo hutembea kiasi cha mita moja na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo njia ya mita 20 anaimaliza kama kwa sekunde 15 hadi 20. Huo ndio muda wote ulio nao wa mtazamaji kuona vazi na mandhari pamoja. Ukijaza vitu kumi njiani, hataona hata kimoja.

Hatua ya 3: Udongo na maji

Hapa ndipo ninapowaomba watu wapunguze haraka. Mwenye nyumba akipata fedha anataka maua yaonekane Jumamosi. Udongo hauoni Jumamosi.

Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache mezani. Mchanga utazama ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini litashuka kwa saa chache. Mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi. Kesho yake utaona matabaka, nawe utajua una udongo wa namna gani bila kumlipa mtu.

Kisha chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe, ujaze tena. Yakishuka sentimita mbili hadi tano kwa saa, uko salama. Yakilala humo hadi kesho, hapo mti wowote utaoza mizizi, na dawa si mbolea bali ni kutengeneza mfereji au kuinua tuta.

Pwani yetu ina maeneo ya mchanga mtupu na maeneo ya mawe ya matumbawe. Wengi hukata tamaa wakiona mawe hayo. Karibu na Mombasa, kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alianza kupanda miti kwenye shimo la matumbawe lisilo na udongo kabisa. Mti uliomkubalia zaidi ni mvinje. Lakini majani ya mvinje hayaozi kwa urahisi, yakarundikana chini. Alichofanya ni kuleta majongoo. Majongoo wakala majani makavu, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na leo pale pana msitu na bustani ambayo watu hulipa kiingilio kuiona. Nikimwona mtu anachoma majani yaliyofagiliwa uani huku akiagiza lori la udongo mweusi, huwa naumia sana. Anachoma alichokuwa anakitafuta.

Kwa nyumba ya kawaida: changanya mboji au samadi iliyokaa hadi haina harufu, ndoo moja kwa kila ndoo mbili za udongo wa juu kwenye mashimo ya kupandia. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Juu weka matandazo ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa au majani makavu, unene wa vidole vinne, ila yasiguse shina. Sehemu zote za pavingi na simenti ziinamie mbali na nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Hili mwambie fundi kabla hajaanza, na pima mwenyewe kwa kipimamaji, maana likishakauka halirekebishiki bila kuvunja.

Hatua ya 4: Chagua mimea kwa kimo, kwa harufu na kwa saa

Ninaanza na kimo. Mti mmoja wa kivuli, kisha vichaka vya usawa wa kiuno hadi kifua, kisha vya chini. Kwa kivuli pwani, mkungu unakua haraka na matawi yake yamepangika kama ghorofa, ingawa utafagia sana. Mwarobaini unavumilia ukame. Usipande wowote kati ya miti hiyo karibu na shimo la maji taka wala msingi. Acha mita 5 au zaidi.

Katikati, mgomba mmoja au miwili inatosha kuleta utajiri wa majani, na mkonge unaleta rangi ya kijivu na umbo kali. Chini, mchaichai kando ya njia ni mzuri kwa sababu nguo zikiugusa unatoa harufu. Nyasi za pasipalamu zinavumilia jua na hata chumvi kidogo. Kivulini usijisumbue nazo, weka kokoto.

Harufu na saa ndivyo vinavyosahaulika. Familia nyingi za mjini wanaiona bustani yao jioni tu, wakishatoka kazini. Kwa nini basi upande maua yanayopendeza saa 4 asubuhi? Asumini hufunguka jioni. Bibi yangu Tanga alikuwa akichuma vitumba vyake alasiri, vikiwa bado vimefumba, anavifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya magharibi ukikifungua unakuta vyote vimefunguka na chumba kizima kinanukia. Kwa vitumba hivyo ndivyo vilivyotengenezwa vikuba, vishada vya maua ya kujipamba, asumini na rehani na mkadi. Panda mwasumini karibu na dirisha la sebuleni au pembeni mwa baraza, na mlangilangi mbali kidogo, maana harufu yake ni nzito na usiku inasafiri.

Mimea miwili ya kujihadhari nayo. Bogenvilia ni nzuri ukutani, lakini ina miiba, basi isiwe kando ya njia nyembamba wala popote karibu na jukwaa. Mnyaa watu wanaupanda kama uzio, na utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Mahali penye watoto sipandi kabisa.

Hatua ya 5: Kuihamisha bustani kwenda jukwaani

Wakubwa wa mavazi wa Paris, kampuni kama Dior na Chanel, wamefanya haya kwa namna mbalimbali, na inafaa kujifunza kutoka kwao wote. Julai 2012, Raf Simons alipoonesha mavazi yake ya kwanza ya Dior ya kushonwa kwa mkono, kuta za vyumba vya jumba zima zilifunikwa na maua, yanayokadiriwa kufika milioni moja, kazi ikiongozwa na muuza maua Mark Colle wa Antwerp. Kila chumba na ua lake. Yalikuwa maua ya kukatwa, ya siku moja. Machi 2018, Chanel walijenga msitu ndani ya ukumbi wa Grand Palais kwa miti iliyokatwa, na watetezi wa mazingira wa Ufaransa wakalalamika hadharani. Kampuni ikajibu kwamba itapanda mialoni mipya. Septemba 2019, Dior chini ya Maria Grazia Chiuri walishirikiana na kundi la wapanga bustani la Coloco, wakaingiza ukumbini miti hai zaidi ya 160, mizizi ikiwa imefungwa kwenye magunia na kuonekana wazi, kisha ikapelekwa kupandwa.

Mimi nimechagua njia hiyo ya tatu. Si kwa sababu ya fedha peke yake, ingawa kwetu fedha za maua milioni moja hazipo. Mti hai unasimama tofauti na tawi lililokatwa. Majani yake yamekaa yanavyotaka yenyewe, na macho ya watu yanalijua hilo hata kama hawawezi kulisema.

Tangu mbunifu Mustafa Hassanali aanzishe maonesho ya Swahili Fashion Week mwaka 2008, hapa mjini kuna wabunifu wengi wanaojua wanachotaka jukwaani. Basi kabla ya kuchagua hata jani moja, mwombe mbunifu vipande vya vitambaa vyenyewe. Viweke juu ya majani, nje, kwenye mwanga. Kitenge chenye michoro mikubwa kinapotea mbele ya majani yenye michoro. Kinataka nyuma yake ukuta uliotulia: mikonge, mianzi iliyosongamana, au kitambaa cha marekani kisichopakwa rangi. Shuka jeupe au hariri ya rangi moja inaweza kubeba migomba na mikindu yote uliyonayo.

Sasa kimo. Mtazamaji aliyekaa, macho yake yako kama sentimita 120 kutoka sakafuni. Mimea iliyo kati yake na njia isizidi sentimita 40 kama jukwaa halijainuliwa, la sivyo hataona pindo wala viatu, na mbunifu hatakusamehe. Mirefu ikae mahali pa kutokea, mwisho wa njia na nyuma ya viti. Idadi haiogopeshi ukipanga kwa mafungu. Njia ya mita 16 ukiijaza pande zote kila sentimita 40, unahitaji mimea 80 ya safu moja. Ukiipanga kwa mafungu ya mitano na ya mitatu ukaacha nafasi tupu katikati, 45 inatosha na inapendeza zaidi, kwa sababu mwanamitindo anapotea na kuonekana tena.

Mimea ipatikane kitaluni mapema. Mara ya kwanza nilipokwenda kuazima, nilimkuta mzee mmoja akimwagilia viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka ya kupanda au ya kuonesha?"

"Ya kuonesha, halafu irudi."

"Basi usiitoe juani leo ukaiingiza kwenye baridi ya mashine kesho. Itadondosha majani mbele ya watu. Niachie wiki mbili, niihamishie kivulini polepole."

Tangu siku hiyo ratiba yangu ndiyo ile. Wiki mbili kabla, mimea inaanza kusogezwa kivulini. Siku mbili kabla, inakatwa majani makavu na kufutwa vumbi kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, hasa ya mgomba, maana taa zinaonesha kila doa. Siku moja kabla, asubuhi, inanyweshwa maji ya kutosha na kuachwa yachuje. Jioni inapakiwa, mikubwa ikilazwa kuelekea nyuma ya gari na kufunikwa turubai, kwa sababu upepo wa barabarani unachana majani ya mgomba kama karatasi.

Siku ya onesho usimwagilie. Nilimwagilia mara moja, kwenye hoteli moja ya mjini, asubuhi, kwa huruma tu kwa kuwa niliona majani yamelegea. Saa 11 jioni niliona mstari mwekundu wa maji ya udongo ukitoka chini ya kikapu, ukanyemelea kitambaa cheupe cha njia kama wino kwenye pamba. Ulikuwa upana wa kidole, baada ya dakika kumi ulikuwa upana wa kiganja. Tulikata kile kipande cha kitambaa kwa mkasi, tukaunganisha kingine kwa tepu, wanamitindo wakiwa tayari wamevaa. Sasa kila kiriba kinakaa ndani ya beseni la plastiki, beseni ndani ya kikapu cha ukindu au gunia la katani lililokunjwa mdomo, na majani yakilegea nanyunyiza ukungu wa maji kwa chupa ya kupulizia, basi.

Uzito usiupuuze. Chombo cha lita 50 chenye udongo ulioloa kinakaribia kilo 80. Kumi vikikaa pamoja kwenye jukwaa la mbao, ni kama watu kumi na zaidi wamesimama sehemu moja bila kuondoka. Vipange sakafuni, si juu ya jukwaa, au uthibitishe na fundi aliyelijenga. Na watu wa kubeba uwalipe vizuri. Mimi hutenga sehemu moja ya tano ya bajeti kwa gari na wabebaji, na sijawahi kujuta.

Hatua ya 6: Taa

Nyumbani, taa chache za rangi ya moto, zenye alama ya 2700 hadi 3000 K kwenye boksi, zilizofichwa chini ya mimea. Usimulike kila mti. Mulika mmoja, mwingine uuache gizani, na njia iwe na mwanga hafifu wa kuona mguu. Taa kubwa nyeupe ya usalama ukutani inaharibu vyote. Ifungie kihisi iwake mtu anapopita tu.

Jukwaani, mvutano kati yako na fundi taa ni wa kawaida, basi zungumzeni mapema. Mwombe mambo matatu. Taa nyekundu zisiangukie majani, maana kijani chini ya wekundu kinakuwa cheusi kama mkaa. Taa za wanamitindo ziwe na kiwango cha CRI, yaani kipimo cha taa kuonesha rangi halisi, cha 90 au zaidi, ili ngozi na kitambaa vionekane kwa rangi yake. Na taa moja ya chini, nyuma ya mgomba, itupe kivuli cha majani kwenye pazia la marekani. Kivuli hicho hakina gharama yoyote, na kinaweza kuongeza msitu wa mita 5 mahali ambapo una migomba miwili. Mpe fundi nafasi ya kusogeza hiyo taa mbele na nyuma. Hatua moja tu inageuza jani la mgomba kutoka kitu cha ukutani hadi kitu kinachofika darini.

Hatua ya 7: Sauti, moshi na chini ya miguu

Kokoto zina sauti nzuri nyumbani, na zinakuambia mtu anakuja. Kwenye njia ya wanamitindo isiwepo hata moja, visigino vyembamba vitazama. Mchanga vivyo hivyo, isipokuwa kama mbunifu amekubali wanamitindo watembee pekupeku.

Udi ukifukizwa mlangoni nusu saa kabla wageni hawajaingia, unawaingiza kwenye dunia nyingine bila neno. Omba ruhusa ya ukumbi kwanza, kwa sababu ya vihisi vya moshi. Ndani, kwenye makuti na magunia makavu, hapaingii moto wowote, wala mshumaa. Vizima moto viwili viwe mahali unapovijua wewe na wabebaji wako, na mimea isizibe mlango wa dharura hata kama ndiyo kona yenye picha nzuri kuliko zote.

Hatua ya 8: Mazoezi kwa viatu na nguo zenyewe

Kosa la kawaida ni kufanya mazoezi wanamitindo wakiwa na kandambili na suruali. Wanapita vizuri. Usiku wanavaa magauni yenye mtandio wa mita 3, na ncha ya mkonge inaushika. Kata ncha zote za mikonge kwa mkasi, sentimita moja tu. Haionekani kwa mbali na haiudhuru mmea. Kisha mwombe mbunifu akupe vazi lake pana kuliko yote, mtu alivae, apite mara tatu. Wewe chuchumaa chini usitazame uso wake, tazama pindo. Popote pindo linapogusa jani, sogeza kiriba.

Hatua ya 9: Kurudi nyumbani

Jambo hili lipangwe kabla ya onesho, wala lisiachwe usiku uleule watu wamechoka. Kila mmea uwe na karatasi ndogo iliyofungwa kwenye shina: unarudi kitaluni, au unakwenda nyumba fulani. Mara nyingi nina mteja wa bustani anayesubiri, kwa hiyo mikindu iliyosimama nyuma ya wanamitindo Ijumaa inapandwa uani kwake Jumapili.

Inaporudi, usiipeleke juani moja kwa moja. Ikae kivulini siku tatu hadi nne, imwagiliwe asubuhi na jioni, majani yaliyovunjika yakatwe. Kisha chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, kina kilekile. Usivute mmea kwa shina. Ulaze, chana kiriba ubavuni kwa wembe kuanzia juu hadi chini, na kitako chake ukikate, halafu uushike udongo wote kwa mikono miwili kama unavyompokea mtoto. Kama mizizi imezunguka kama kamba, ifungue kwa vidole taratibu, au ikate wima mahali pawili. Usawa wa udongo ubaki uleule uliokuwa ndani ya kiriba. Shindilia kwa mguu bila nguvu, mwaga ndoo ya maji, weka makumbi juu, na kwa wiki mbili za kwanza uwe na zamu ya kumwagilia kila siku kabla jua halijapanda.